Mmefikia kwa Nani? Kuingiza Sayari ya Watu Wengine Mchezoni

Asanteni. Nimepewa dakika ishirini, na ndugu yetu ameshaniwekea saa hapa mbele, kwa hiyo sitazunguka.

Mimi huongoza mchezo wa kuigiza wa mezani: mimi nasimulia ulimwengu, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini. Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza nilipotaka kuwapeleka wachezaji wangu kwenye sayari yenye mila tofauti na zao, niliandika kurasa kumi na moja. Dini yao, mavazi yao, kalenda yao, nani humwoa nani, hata wanavyozika. Jumamosi wakaja watu wanne, tukakaa mezani, nikaanza kusoma. Kufika ukurasa wa tatu, mmoja anamenya njugu, mwingine yuko kwenye simu. Nilipomaliza, yule aliyekuwa nahodha akaniuliza: "Sawa. Wananunua nini?"

Swali lile lilinikera wiki nzima, hadi nikakubali kwamba yeye ndiye aliyeuelewa mchezo.

Wengi wenu hapa ni watu wa mapango na majoka, yaani Dungeons & Dragons, kwa hiyo niwaeleze sisi tunacheza nini. Ni Traveller, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1977 na kampuni ya Game Designers' Workshop, mtunzi wake Marc Miller. Mara nyingi wachezaji wana chombo cha anga, chombo kina deni, na deni linalipwa kwa shehena. Kila sayari huandikwa kwa mstari mfupi wa herufi na tarakimu: bandari ikoje, ukubwa, hewa, maji, wingi wa watu, serikali, ukali wa sheria, kiwango cha teknolojia. Unarusha dadu, unajumlisha, unaandika. Dakika chache tu, una sayari. Ila mstari ule haukuambii ukifika mlangoni kwa mtu unabisha hodi au unasubiri uonekane.

Tena kuna kanuni moja pale ambayo mtu wa pwani anaielewa upesi. Hakuna simu ya kuvuka nyota. Kuruka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine huchukua kama wiki, na habari haiendi mbio kuliko chombo kilichoibeba. Unafika hujui kumetokea nini, na wenyeji hawajui kama unakuja. Toa nyota, weka kaskazi na kusi: ni jahazi lile lile.

Basi nikaacha kutunga, nikaenda kuiba.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Mogadishu, kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa. Anasimulia kwamba chombo kikifika bandarini pale, kinapokewa na mashua ndogo zenye vijana, kila mmoja kabeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana anampa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutamka kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara haendi kwingine ila nyumbani kwa kijana yule. Mwenyeji ndiye humuuzia bidhaa zake, na ndiye humnunulia anachotaka. Ukinunua kwa mgeni kwa bei ya kutupa, au ukimuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo kwao haihesabiki. Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mtu wa elimu ya sheria, kwa hiyo aliyekuja kumpokea ufukweni ni kadhi.

Nikabeba hiyo nzima. Nikabadilisha hewa, nikaweka jua jekundu, sahani nikaiacha kama ilivyo. Chombo cha wachezaji kikatua na shehena ya vipuri vya mitambo ya maji. Safari hii sikusoma kitu. Nilisema tu: mlango unafunguka, chini wamesimama vijana sita, kila mmoja ana sahani iliyofunikwa, wanawatazama usoni mmoja mmoja kama watu wanaochagua.

Nahodha: "Ndani ya sahani kuna nini?" Nikamwambia hujui, imefunikwa. Fundi wa mitambo akasema yeye anafunua. Mshika fedha akasema usiguse, huenda ni sumu. Wakabishana robo saa nzima, mimi kimya, nakunywa chai. Mwisho wakazikataa zote kwa adabu, wakaenda sokoni wenyewe. Sokoni vipuri vikasifiwa, vikashikwashikwa, vikaulizwa bei. Hakuna aliyenunua. Siku tatu, na ushuru wa bandari unapanda. Hakuna aliyewatukana wala kuwafukuza. Kila waliyemuuliza aliwarudishia swali moja: "Kwani mmefikia kwa nani?"

Mila ile ile ningeiandika ukurasa wa tisa, yule wa njugu asingeisikia. Hapa imekaa kati yake na shehena yake, hana budi kuipeleleza. Na akiipeleleza lazima akute ina akili. Mji wa bandari una watu wasiojulikana, wanaoondoka na upepo. Mgeni akitoroka na deni, unamuuliza nani? Mwenyeji wake. Mgeni akidhulumiwa, nani anaaibika? Huyo huyo. Kama hujui mila uliyoiweka inawafaa nini wenyewe, bado hujaimaliza.

Ibn Battuta anaongeza jambo ambalo mvivu angeliacha: waliozoea kuja na wanaowajua watu wa mji hushukia wanapopenda. Kwa hiyo nami nikaweka mzee mmoja mfanyabiashara anayelala hotelini na kuwacheka wote wawili, mgeni na mwenyeji. Sayari nzima yenye tabia moja ni katuni.

Kuhusu saa, kwa sababu huwa naulizwa: ndiyo, nimewahi kuweka sayari inayoanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Wachezaji waliokulia Kanada walikosa miadi kwa saa sita. Meza yangu ya Dar hakuna aliyetetereka. Wakaniuliza, "Sasa kigeni hapo ni kipi?" Jua kwanza nani amekaa mezani.

Na msichukue kabila la watu mkalipaka rangi ya kijani. Nilifanya hivyo: viumbe warefu, wafugaji, mikuki ya leza. Mchezaji mmoja akanitazama, akasema, "Huyu si babu yangu?" Alicheka, lakini wiki iliyofuata hakuja. Siku hizi nachukua utaratibu, mavazi nawaachia wenyewe.

Siku ya nne ya mchezo ule, fundi alirudi chomboni peke yake, akamkuta kijana mmoja bado amekaa na sahani. Akafunua. Chakula cha moto. Kila asubuhi alikuwa anapika kingine. Vipuri viliuzwa jioni ile.

Miezi miwili baadaye tukarudi sayari ile, na mimi nikatua chombo kingine pale, cha wageni wasiojua lolote. Sikuwa na mpango nacho. Kilikuwa pambo la bandarini. Mshika fedha, yule wa sumu, akasimamisha mchezo.

"Ngoja. Sahani yenye mfuniko hapa inauzwa bei gani?"

Haya, maswali.