Simu Puani, Fimbo Mapajani

DEO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Deo, niko na dada Mwajuma kama kawaida. Leo tunaongelea jambo linalomhusu yeye mwenyewe: kuhesabiwa kipofu huku bado unaona kidogo. Dada, hebu anza na lile la kwenye daladala.

MWAJUMA: Ahsante, kaka Deo. Nilipandia Buguruni, jioni. Fimbo yangu nyeupe nimeikunja, nimeilaza mapajani. Nikatoa simu, nikaisogeza mpaka inakaribia kugusa pua, nisome ujumbe wa mwanangu. Mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Kumbe anaona huyu! Fimbo ya kuombea hiyo." Sikujibu. Nilishuka vituo viwili kabla ya kwangu.

DEO: Pole sana, dada.

MWAJUMA: Iliniuma. Ila yule mama simchukii, hakuna aliyewahi kumweleza. Mtu akisikia kipofu, anawaza giza totoro. Wakati wengi wetu tunaohesabiwa vipofu tuna kitu tunachokiona. Yupo anayeona mwanga tu na kujua huku ni dirishani. Yupo anayeona umbo la mtu bila sura. Mimi naona kama ninayechungulia kwenye bomba, na hilo bomba lenyewe lina ukungu.

DEO: Hapo ndipo linapokuja neno hili, upofu kisheria. Mpaka umewekwa wapi?

MWAJUMA: Inategemea nani anapima. Wamarekani, tangu miaka ya 1930, wanatumia 20/200. Hizo ni futi, kwa mita ni 6/60. Unaijua ile chati ya herufi ukutani kliniki, juu kubwa, chini ndogo? Aliibuni daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Sasa simama mita 6 kutoka kwenye chati. Kama unaweza tu kusoma ile herufi ambayo mwenye macho mazima angeisoma akiwa mita 60, wewe ni 6/60, na sheria ya Marekani inakuita kipofu. Shirika la Afya Duniani mpaka wao uko chini zaidi: upofu ni kuanzia chini ya 3/60. Kwa hiyo mtu huyohuyo mmoja, kule ni kipofu, huku ni mwenye uoni hafifu.

DEO: Na macho hayajabadilika!

MWAJUMA: Hayajabadilika hata kidogo. Na sikiliza hili, maana watu wengi wanalikosea: wanapima jicho lililo afadhali, tena ukiwa na miwani yako. Mtu anayesema "mimi bila miwani ni kipofu," akivaa anasoma gazeti, huyo hayumo kabisa.

DEO: Na wewe wa bomba, umo kwa njia ipi?

MWAJUMA: Upana. Unaweza ukasoma herufi vizuri bado ukahesabika kipofu, kama upana wa unachokiona hauzidi nyuzi 20. Nyoosha mkono mbele, weka ngumi mbili pamoja.

DEO: Hivi?

MWAJUMA: Hapo hapo. Nje ya hizo ngumi hakuna kitu. Mtoto anayepita pembeni yako humwoni, ngazi humwoni... ngazi huioni, mlango wa kabati ulioachwa wazi unakupiga usoni. Ndiyo maana naweza kusoma ujumbe kisha nikajikwaa kwenye ndoo.

DEO: Kituoni unafanyaje? Gari zetu zina ule mstari wa rangi ubavuni.

MWAJUMA: Mchana, nikibahatika ikasimama mbele yangu, rangi naipata. Jua likishazama rangi zote ni moja. Hapo nategemea sauti ya konda. "Mbagala Rangi Tatu! Mbagala!" Kwangu konda mwenye mdomo ni taa ya barabarani. Akiwa kimya namuuliza jirani, na mara nyingine jirani ananionyesha kwa kidole: "Ile pale." Ile pale wapi, mpenzi wangu?

DEO: (anavuta pumzi) Nimeshawajibu watu hivyo.

MWAJUMA: Basi sema, "Kushoto kwako, hatua tatu." Na usinishike mkono ukanivuta, nipe kiwiko chako nikishike mimi, tutembee. Ukiondoka, niage. Nimewahi kuongea na ukuta dakika nzima kumbe mtu kashaenda.

DEO: Na nyumbani?

MWAJUMA: Nyumbani nina raha. Chai ya rangi naimimina kwenye kikombe cheupe, hiyo naiona inavyopanda. Chai ya maziwa kwenye kikombe cheupe siioni, kwa hiyo ina kikombe chake cha bluu. Kitunguu nakikatia kwenye ubao mweusi. Noti: elfu kumi nakunja mara mbili, elfu tano mara moja, elfu mbili nainyoosha. Simu ikinichosha macho, naiwasha inisomee kwa sauti. Kinachonishinda ni makaratasi. Ofisi moja walinipa fomu ya maandishi kama mchanga, nikaomba nisomewe, yule kijana akaniambia nirudi na mtu wangu. Nina miaka arobaini na mbili, naambiwa nirudi na mtu wangu.

DEO: Hiyo si sawa kabisa. Dada, ulianzaje?

MWAJUMA: Presha ya macho, glakoma. Mara nyingi haiumi, ndiyo ubaya wake. Inakula pembeni polepole na katikati unaona safi, unajiona mzima. Mtoto wa jicho unafanyiwa upasuaji unaona tena. Glakoma ilichochukua hakirudi, matone yanazuia tu isiendelee kula. Mimi nilikwenda nimechelewa. Na inatembea katika ukoo. Kaka, si uliniambia mama yako anatumia matone?

DEO: Ndiyo. Mwaka wa tatu sasa.

MWAJUMA: Wewe umepima?

DEO: ...Bado.

MWAJUMA: Na wadogo zako?

DEO: Hakuna aliyepima. Sikujua kama inatuhusu.

MWAJUMA: Inawahusu. Mwambie daktari akupime presha ya macho, na upana wa kuona, si chati peke yake. Chati utaifaulu.

DEO: Jumamosi nakwenda. Wale wawili nawapigia tukizima hivi vinasa sauti.

MWAJUMA: Wapigie sasa, nakusubiri.