Kinu cha maji cha Lode na meli yetu ya Liemba

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, mafundi, vijana wa vyuo, na wazee wangu wa Ujiji na Mwanga mliokubali kukaa kwenye viti hivi vigumu jioni ya leo, shikamooni. Niliombwa nizungumze juu ya ukarabati wa mitambo ya kale, na nadhani waandaaji walitarajia nianze na meli yetu. Nitafika huko. Kwanza naomba niwapeleke mbali, kwenye kijiji cha Uingereza kiitwacho Lode, karibu na mji wa Cambridge, ambako nilishinda siku nzima ndani ya kinu cha kusagia ngano kinachoendeshwa kwa nguvu za maji.

Kwetu ukitaja kinu, mtu anaona kinu na mchi uani kwa bibi. Kinu cha Lode ni jengo refu lililovikwa mbao, limesimama kando ya mfereji wa maji, na lina umri wa tangu karne ya 18. Historia yake haikunyooka. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilibadilishwa kisage saruji badala ya nafaka, kisha biashara hiyo nayo ikafa na kinu kikaachwa kioze. Mwaka 1934 kilinunuliwa na Lord Fairhaven, mwenye jumba la jirani la Anglesey Abbey, na jengo likaokolewa. Hata hivyo gurudumu halikusaga tena mpaka mwaka 1982, pale wanachama wa chama cha wapenzi wa vinu cha Cambridgeshire walipomaliza kuurudisha mtambo katika kazi yake. Naomba mkumbuke pengo hilo la karibu miaka 50 baina ya kuokolewa kwa jengo na kufufuka kwa kinu, kwa maana ndilo linalonifanya nisimame mbele yenu.

Wanafunzi wa umekanika mtaniuliza kuhusu nguvu. Mwaka 1759 mhandisi John Smeaton aliwasilisha mbele ya wanasayansi wa London majaribio aliyoyafanya kwa gurudumu dogo la mfano, akaonyesha kwamba maji yanayosukuma gurudumu kwa chini hutoa kama theluthi moja tu ya nguvu yake, ilhali maji yanayoangukia juu ya gurudumu na kulielemea kwa uzito wake hutoa karibu theluthi mbili. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini nchi ya Lode ni tambarare kama mbuga, maji hayana mahali pa kuanguka kutoka juu, na fundi wa kale alilazimika kutumia alichopewa na ardhi. Sisi wenye maporomoko ya Igamba kwenye Mto Malagarasi hatuna udhuru wa namna hiyo, ila hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Gurudumu la maji huzunguka polepole, mara nyingi halifikishi mizunguko 10 kwa dakika, na jiwe la kusagia linahitaji zaidi ya 100. Kazi ya kuuongeza mwendo huo hufanywa na gia, na hapa ndipo nilipochelewa kuondoka. Katika vinu vya aina hii gia moja huwa ya chuma cha kalibu, na mwenzake huwa gurudumu la chuma lililochomekwa meno ya mti mgumu, jino moja moja, kila moja likiwa limechongwa kwa mkono. Nilidhani ni umaskini wa zamani. Msagaji, mzee mmoja wa kujitolea aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi, alinieleza kwamba mbao juu ya chuma haipigi kelele wala haitoi cheche, na kitu kikikwama linavunjika jino moja la mti, ambalo fundi analigonga nje kwa nyundo na kuchomeka jingine, badala ya kupasuka gurudumu zima. Kwa hiyo waliochonga meno yale walichagua wenyewe kitakachovunjika. Mashine ngapi za leo zinaweza kusema hivyo?

Mawe ni mawili. La chini halitembei. La juu, ambalo linaweza kufikia uzito wa tani nzima, linazunguka juu ya la chini bila kuligusa, na kwenye ukingo nafasi kati yao ni nyembamba kama karatasi. Mawe yaliyosifiwa kuliko yote kwa unga wa ngano yalitoka Ufaransa, La Ferté-sous-Jouarre, nayo hayakuwa jiwe zima bali vipande vilivyounganishwa kwa plasta na kufungwa kwa pete za chuma. Usoni yamechongwa mifereji inayopokea nafaka katikati na kuisukuma nje huku ikikatwakatwa. Mifereji hiyo hulika, na ikilika jiwe huinuliwa, hugeuzwa, na mtu hulala ubavu akiigonga upya kwa patasi kwa siku kadhaa.

Juu ya mawe kuna sanduku la mbao linalomwaga nafaka kidogo kidogo, na ndani yake umepita mkanda unaolaliwa na nafaka. Nafaka ikikaribia kwisha, mkanda unalegea na kengele inalia. Nilipoisikia nilicheka, nikidhani ni mapambo ya kufurahisha watoto. Msagaji hakucheka, alikwishafika kwenye sanduku. Mawe yakizunguka matupu husagana yenyewe, hutoa cheche, na vumbi la unga hewani huwaka kama petroli.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulikuta limeandikwa ukutani. Aliweka mkono chini ya mdomo unaotoa unga, akausugua kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada, akaguna, akakaza skrubu kidogo, akarudia. Unga ukiwa wa moto mno, mawe yamekaribiana. Ukiwa na chembechembe, yameachana. Nilimwomba nami nijaribu, nikasugua, na kusema kweli sikuhisi lolote zaidi ya unga. Aliniambia kwamba yeye mwenyewe ilimchukua muda mrefu, na kwamba jambo hilo hakulipata katika michoro.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Jengo la Lode liliokolewa kwa fedha na mbao. Usagaji ulihitaji kingine: watu wa kujifunza upya kwa vidole kile ambacho wasagaji wa mwisho waliondoka nacho.

Sasa nije nyumbani. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa meli na reli mpaka hapa Kigoma, ikaundwa tena. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi ili isitekwe, lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Mwaka 1924 ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Wale mafundi walifanya kama mwenye meno ya mti: walifikiria namna chombo kitakavyoharibika kabla hakijaharibika. Miaka ya 1970 injini za mvuke ziling'olewa, zikawekwa za dizeli. Wapo wanaonung'unika kwamba tangu hapo meli si ile. Mimi siungani nao, kwa sababu meli iliendelea kubeba dagaa, mihogo na watu, na kinu cha Lode nacho hakikuwa kinu zaidi katika ile miaka 50 ambayo kila kitu kilikuwa cha asili na hakuna kilichozunguka.

Kinachonisumbua mimi ni vidole. Mvuke uliwahi kuendeshwa hapa na watu wa hapa, waliomwaga mafuta, waliosikiliza injini usiku na kujua kwa sauti kwamba beringi inapata moto. Mwenyekiti amenionyesha kwamba muda wa maswali umefika, na vijana wameshanyoosha mikono. Naomba waishushe kidogo. Mstari wa tatu namwona mzee mmoja mwenye kofia, ambaye aliniambia mlangoni kwamba alianza kazi chumba cha injini akiwa kijana, na naomba apewe kipaza sauti yeye kwanza.