Ulikuwa Unatafuta Nini Usiku Ule?

Ndugu zangu, asanteni. Mlionisikia siku za nyuma mtanivumilia, narudi palepale. Kila mara napigiwa simu na mtu anayetaka kufungua kundi la mtandaoni. Nikimuuliza kwa nini, ananijibu: "Kuelimisha jamii." Jamii haikukutuma! Niambie wewe mwenyewe umekosa nini.

Mimi nilikosa mtu wa kumuuliza saa nane usiku. Mwanangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wakati ule alikuwa na miaka mitatu, vidole vimevimba, ukimgusa analia, na homa inapanda. Mchana nilikuwa nimetoka naye hospitali; nilipewa dawa ya maumivu nikaambiwa atazoea. Baba yake yuko safarini. Mama mkwe anasema tungoje kupambazuke. Nikashika simu, nikafungua kundi la WhatsApp, nikawaingiza akina mama wanne niliojuana nao kwenye benchi la kliniki. Nikaandika: "Nani yuko macho? Mtoto anaungua."

Mmoja akajibu kabla sijaiweka simu chini. Homa ya mtoto wa selimundu haingoji asubuhi, mpeleke sasa hivi. Alikuwa sahihi: bandama za watoto hawa, zinazokinga mwili na maambukizi, huharibika mapema, na maambukizi yakiingia kwenye damu yanaweza kuua ndani ya saa chache. Nikatoka na khanga ya kulalia, nikamwamsha jirani mwenye bajaji. Mwanangu leo yuko darasa la sita.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Mimi nilikuwa na namba nne za simu. Kundi lilianzia hapo.

Najua kuna atakayesema huo ni ubinafsi, kwamba nilijifikiria mimi na mwanangu. Ndiyo, nilimfikiria mwanangu! Kule Marekani, Stephen Heywood aligundulika na ALS mwaka 1998, akiwa na miaka 29. Ugonjwa unaoua neva za misuli. Ndugu zake Jamie na Ben, pamoja na rafiki yao Jeff Cole, wakaanzisha PatientsLikeMe mwaka 2004, mahali ambapo wagonjwa wanalinganisha dalili na dawa zao. Stephen alifariki mwaka 2006. Mtandao ule ulibaki, ukapokea wagonjwa wa maradhi mengine mengi. Walikuwa wanamtafutia ndugu yao msaada.

Tena haja yako ndiyo itakayokuonyesha kipi cha kufuta. Aliingia kwetu muuza dawa, anaahidi kuiondoa selimundu kwa chupa tatu. Nilimtoa palepale, bila kikao, kwa sababu chupa kama zile niliwahi kuzinunua kwa pesa ya ada. Admini aliyekuja "kuelimisha" angemwachia nafasi, maana kwake huyo naye anaelimisha. Makundi ya namna hiyo nimeyaona: mwezi wa tatu yamejaa matangazo ya mikopo na picha za maua ya asubuhi, na aliyeyafungua hayumo.

Kuhusu sheria za kundi na uchovu wa maadmini, mwenyekiti ameshanionyesha saa. Picha za watoto tu nasisitiza: msizirushe, hata mama yake akikubali. Mtoto atakua.

Mama wa kilemba cha kijani, umeinua mkono tangu nianze. Karibu.