Mafaili Mawili Hayatoshi

Ndugu zangu, habari za asubuhi, na ahsanteni kwa kufika. Naomba tuanze na mistari mitatu niliyoiandika hapa ubaoni:

Mkutano utafanyika Jumanne.
Wajumbe wote wahudhurie.
Kila mjumbe aje na taarifa yake.

Hili tuliite faili A. Faili B ni hilohilo, isipokuwa mstari wa kati haumo. Sasa tutumie diff, programu ya kulinganisha mafaili iliyozaliwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, katikati ya miaka ya 1970 kwa kazi ya Douglas McIlroy. Ile tunayoitumia leo kwenye Linux hutoka kwa GNU, mradi wa programu huria. Ni bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Tukiandika diff A B, inajibu 2d1. Hiyo d ni ya kufuta: mstari wa 2 umeondoka. Haya, tugeuze, tuandike diff B A. Safari hii inajibu 1a2, na a ni ya kuongeza: baada ya mstari wa 1 pameingia mstari mpya.

Mafaili ni yaleyale, hakuna aliyeyagusa. Tumebadilisha tu lipi litangulie kutajwa, na kilichokuwa kufuta kimekuwa kuongeza. Programu haijakosea popote. Kazi yake ni kukueleza namna ya kuligeuza faili la kwanza lifanane na la pili, basi. Nani alifuta na nani aliongeza, hilo halimo ndani ya mafaili mawili, kwa hiyo hakuna programu inayoweza kulitoa humo, iwe ya bure au ya kulipia.

Nalisisitiza hili kwa sababu liliwahi kunipata. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu, tunahariri mwongozo wa matumizi ya dawa, kila mmoja na nakala yake. Siku ya kuziunganisha nikazifungua bega kwa bega, nikaona kwangu kuna aya moja ambayo kwake haipo. Nikajisemea amesahau, nikabofya mshale, aya ikarudi. Kumbe aliiondoa kwa makusudi: kipimo cha dozi kilichotajwa humo hakikuwa sahihi. Msomaji wa tatu ndiye aliyeigundua kabla mwongozo haujachapishwa. Programu ilifanya nilichoiagiza. Nilichokosa ni faili la tatu, yaani nakala tuliyoanzia sote wawili kabla hatujaachana njia. Hilo ndilo ninaloliita asili.

Tulete asili mezani, tuone. Ikiwa mstari wa «Wajumbe wote wahudhurie» umo katika asili, basi mwenye faili B ameufuta, na kwa kuwa mwenye A hakuugusa, ufutwe. Ikiwa haumo, basi mwenye A ameuongeza, na ubaki. Swali lililotushinda limejibiwa bila kubahatisha. Amri yenyewe ni diff3 -m A asili B, na mpangilio huo uzingatiwe: asili hukaa katikati. Anayependelea madirisha kuliko amri ana KDiff3, ambayo huyapokea mafaili matatu, ikamaliza yenyewe yale yasiyo na ubishi na kukuachia yaliyobaki. Na haikubali kuhifadhi matokeo hadi uwe umeamua kila mgongano. Mimi naipenda kwa ukali wake huo. Meld nayo huyapanga matatu sambamba, na WinMerge, kwa wanaotumia Windows, ina uwezo huo katika matoleo yake ya sasa. Zote tatu ziko chini ya leseni ya GPL: unazitumia, unazichunguza na kumgawia mwenzako bila kumwomba mtu ruhusa.

Mgongano ni nini? Ni pale A ameandika Jumatano na B ameandika Alhamisi juu ya Jumanne ileile. Hapo programu haiamui. Inakuwekea alama saba za < mwanzoni, saba za = katikati na saba za > mwishoni, na maneno ya kila upande ndani yake. Wengi huziona alama hizi wakashtuka, wakidhani faili limeharibika. Halijaharibika. Programu imekiri kwamba hapa panahitaji mtu, na kukiri huko ni bora mara mia kuliko kuchagua kimyakimya.

Kinachonitisha zaidi ni muunganisho uliopita salama. Chukueni mfano: A anahamisha mkutano kutoka Jumanne hadi Alhamisi, kwenye mstari wa kwanza. B, chini kabisa ya ukurasa, anaongeza: «Taarifa zitakusanywa Jumatano, siku moja baada ya mkutano.» Mistari haikugusana, basi hakuna mgongano, na faili linatoka safi likiagiza taarifa za mkutano ambao haujafanyika. Programu inalinganisha mistari, haisomi maana. Matokeo ya kuunganisha lazima yasomwe na binadamu kuanzia juu hadi chini.

Kuna jambo dogo ambalo hupoteza muda wa watu wengi. Unafungua mafaili mawili unayojua yanakaribia kufanana, na kila mstari unaonekana tofauti. Mara nyingi maneno ni yaleyale, ila moja limehifadhiwa kwenye Windows, ambako mstari humalizwa kwa alama mbili zisizoonekana, na jingine kwenye Linux, ambako humalizwa kwa moja. Iambie diff --strip-trailing-cr, utaona kelele zinanyamaza. Kupuuza nafasi zote kwa -w nako kunasaidia, lakini msiitumie kwenye msimbo wa Python, lugha ya kuandikia programu, ambako nafasi za mwanzo wa mstari zina maana yake.

Tuje kwenye folda, na hapa swali letu linarudi vilevile. Faili lipo folda ya kushoto, kulia halipo. Limeongezwa au limefutwa? Tarehe haitakuokoa: faili lililofutwa halina tarehe. Hata kwa mafaili yaliyopo, diski nyingi za mkononi zenye mfumo wa FAT huhifadhi muda kwa hatua za sekunde 2, hivyo nakala mbili zilizo sawa kabisa zinaweza kuonekana moja ni mpya kuliko nyingine. Linganisheni yaliyomo, japo huchukua muda mrefu zaidi. Na atakayetumia rsync, programu ya kunakili folda, pamoja na --delete, atangulize -n -v, aone orodha ya yatakayofutwa kabla ya kufuta chochote.

Kwa folda mbili zinazobadilika kila siku, mimi natumia Unison, programu ya kuzilinganisha na kuzisawazisha, nayo pia ni huria. Ubora wake ni kwamba inakumbuka hali ya folda zote mbili mara ya mwisho zilipolingana. Kumbukumbu hiyo ndiyo asili yake, kwa hiyo inajua kipi kimefutwa na kipi ni kipya. Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili iliyoanza mwaka 2005, hufanya vivyo hivyo kwa historia nzima ya kazi: unapounganisha matawi mawili, yaani njia mbili za kazi ileile zilizoachana, huitafuta asili yenyewe.

Sasa fungueni kompyuta zenu. Mtakuta folda mbili za zoezi, kila moja na mafaili 6. Zilinganisheni kwa Meld au WinMerge, na kwa kila tofauti andikeni kwenye karatasi: imeongezwa, au imefutwa. Msiguse kitu bado. Mkimaliza nitawapa folda ya tatu, yenye asili, na tutahesabu pamoja ni mangapi mlikuwa mmekisia.