Nyumba zipi ziko chini? Majengo na mwinuko wa Bonde la Msimbazi kwa GDAL

Habari zenu. Leo tunafanya kazi ndani ya terminali tu, kwa GDAL, yaani programu huria za kuchakata data za ramani. Tunatafuta majengo ya Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, yaliyokaa chini ya mita 10 kutoka usawa wa bahari.

Nina faili tatu. majengo.gpkg ni vekta (maumbo yaliyochorwa kwa nukta na mistari) kutoka OpenStreetMap. bonde.gpkg ni mpaka wa bonde. mwinuko.tif ni rasta (gridi ya pikseli, yaani miraba midogo yenye namba) ya SRTM, data ya mwinuko wa ardhi iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour, Februari 2000.

Anza kwa kuzikagua:

gdalinfo mwinuko.tif
ogrinfo -so bonde.gpkg bonde

Tafuta mfumo wa koodineti. Hapa naomba tusiwe na haraka. Kila mfumo una namba yake ya EPSG. Rasta yangu ni EPSG:4326, yaani latitudo na longitudo za WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, lakini mpaka ulinakiliwa kutoka ramani ya zamani ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, kwa koodineti za UTM za mita, yaani EPSG:21037. Ukizichukua namba zake kana kwamba ni za UTM ya WGS 84, mpaka unahama takriban mita 300. Niliwahi kukosea hivyo, na nyumba zinazoingia maji kila masika zikatoka nje ya bonde kwenye ramani yangu. Tangu hapo siruki hatua hii.

Zote tunazipeleka UTM kanda ya 37 kusini ya WGS 84, yaani EPSG:32737:

ogr2ogr -s_srs EPSG:21037 -t_srs EPSG:32737 bonde37.gpkg bonde.gpkg
ogr2ogr -t_srs EPSG:32737 majengo37.gpkg majengo.gpkg

Sasa vekta ikate rasta:

gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -tr 30 30 -tap -r bilinear -cutline bonde37.gpkg -crop_to_cutline -dstnodata -9999 mwinuko.tif bonde.tif

Hiyo -tap inafanya kingo ziangukie kwenye namba zinazogawanyika kwa 30. Endesha gdalinfo bonde.tif, unakili kona ya chini kushoto na ya juu kulia, kisha uyageuze majengo kuwa rasta yenye kingo zilezile:

gdal_rasterize -l majengo -burn 1 -init 0 -at -ot Byte -tr 30 30 -te 519000 9243000 532500 9252000 majengo37.gpkg majengo.tif

Namba za -te ni za kwangu, weka zako. Usiisahau -at, inayohesabu kila pikseli inayoguswa na jengo. Nyumba nyingi za huku ni ndogo kuliko pikseli ya mita 30, na bila -at inahesabiwa pikseli ambayo kitovu chake kimeangukia ndani ya jengo tu. Mtaa mzima unaweza kupotea.

Malizia:

gdal_calc.py -A bonde.tif -B majengo.tif --calc="(A<10)*(B==1)" --type=Byte --outfile=chini.tif

Palipo na 1 ni pikseli yenye jengo na iliyo chini ya mita 10. Hiyo si idadi ya nyumba. Tena rada ile ilisoma mapaa na vilele vya miti pamoja na ardhi, kwa hiyo penye miti mingi ardhi yenyewe huwa chini zaidi ya inavyoonekana. Kabla hujaipeleka ramani kwa mwenyekiti wa mtaa, teremka nayo bondeni, uwaulize wenyeji maji yalifika wapi masika iliyopita.