Petro wa Barazani na Petro wa Mezani

Bwana Yesu asifiwe. Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 5, mstari wa 29. Mstari huu wengi tunaujua kwa moyo: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Petro na mitume wenzake wamesimamishwa mbele ya Baraza la viongozi wa Wayahudi mjini Yerusalemu, kwa sababu ya kumhubiri Yesu. Wameshaonywa, wameshatiwa gerezani, na bado hawanyamazi. Baadaye walipigwa, wakatoka huku wakifurahi. Tukisoma hapo, kila mmoja wetu anajiona yeye ndiye Petro.

Sasa niruhusuni niwapeleke kwa Petro huyohuyo, Wagalatia sura ya 2, kuanzia mstari wa 11. Yuko Antiokia, anakula pamoja na waamini wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, bila shida yoyote. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Petro akaanza kurudi nyuma, akajitenga. Paulo anatupa sababu waziwazi: aliwaogopa waliotahiriwa, yaani Wayahudi.

Hebu tukae hapo kidogo. Antiokia hapakuwa na askari wala viboko. Palikuwa na macho tu, tena macho ya ndugu wa imani. Na msiseme Petro hakujua. Mungu alikwisha kumfundisha kule Yafa, kwa maono, kwamba asimwite mtu yeyote najisi, kisha akamwona Roho Mtakatifu akishuka nyumbani kwa Kornelio, mtu wa Mataifa. Aliporudi Yerusalemu akalaumiwa kwamba amekula na wasiotahiriwa, naye akajitetea hatua kwa hatua. Alijua. Ila lawama ya watu wako, ukishaionja mara moja, hutamani kuionja tena.

Ndiyo maana nasema, adui si kipimo kizuri cha utii wetu. Adui unamtarajia akuchukie. Mtihani uko kwa watu ambao salamu yao unaihitaji kesho: mume au mke, wazazi, kwaya, wazee wa kanisa. Naam, na sisi wahubiri tunaochungulia nyuso za waumini kabla hatujamaliza sentensi!

Mfalme Sauli naye ni hivyohivyo. Mungu alimwagiza awaangamize Waamaleki pamoja na mifugo yao yote. Waamaleki hawakumtisha, aliwapiga. Waliomshinda ni askari wake mwenyewe, waliotaka kondoo na ng'ombe walionona. Nabii Samweli anafika, Sauli anamlaki kwa kusema ametimiza amri ya Bwana, na kondoo wanalia nyuma yake. Kwanza anasema wanyama hao ni wa dhabihu. Akibanwa ndipo anakiri: "naliwaogopa wale watu, nikaitii sauti yao." Angalieni hiyo dhabihu. Hofu ya watu mara nyingi huvaa kanzu ya ibada: tunatii nusu, nusu iliyobaki tunaitafutia maelezo ya kiroho.

Lakini kuna wengine humu wameanza kufurahi, maana wanapenda kusema ovyo na kuita hilo ujasiri. Pole. Paulo yule aliyewaambia Wagalatia kwamba angekuwa bado anawapendeza wanadamu asingekuwa mtumwa wa Kristo, ndiye aliyewaandikia Warumi kwamba kila mmoja na ampendeze jirani yake, apate wema, akajengwe. Jiulize swali moja: ninampendeza huyu ili yeye ajengwe, au ili mimi nisisemwe? Kule Antiokia aliyeumia ni mwamini wa Mataifa aliyeachwa peke yake na sahani yake. Petro alilinda jina lake, mwingine akalipa. Hata Barnaba, mtu mwema yule, akachukuliwa na unafiki huo.

Paulo alimpinga ana kwa ana, mbele ya wote. Hakwenda kumsema pembeni, na angeweza, maana wa kumsikiliza hawakukosekana. Je, urafiki ulikufa? Fungueni Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 3, mstari wa 15, muone Paulo anaitwaje: "ndugu yetu mpenzi."