Simba, Mbwa na Mbu: Filamu za Kutisha kwa Pesa Kidogo

Assalaam alaykum. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana wa kamera, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie filamu za kutisha za bajeti ndogo, zile za wanyama wakali na maradhi. Najua wengi wenu mmekuja na miswada mfukoni, kwa hivyo sitapoteza wakati kuuliza kama filamu hizi ni sanaa. Ni sanaa. Mimi nazungumza na watu wanaotaka kuzitengeneza hapa hapa Mombasa, na nina neno moja la kuwaambia: asiye na pesa, mtaji wake ni ukweli. Mjue mnyama wako alivyo, uujue ugonjwa wako unavyokwenda, na hofu utaipata bila kununua kitu.

Nianze na simba, kwa kuwa hadithi yao chanzo chake ni kisiwa hiki. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1898, ilipofika mto Tsavo, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni walianza kuwatoa wafanyakazi ndani ya mahema usiku. Mhandisi wa daraja, John Patterson, aliwaua wote wawili Desemba ya mwaka huo. Ukipanda treni leo kwenda Nairobi wapita nchi ile ile.

Mwaka 1952 mwongozaji Mmarekani, Arch Oboler, aliichukua hadithi hiyo akatengeneza Bwana Devil. Pesa zilikuwa chache. Sehemu kubwa aliipigia California, vilima vya kule vikasimama badala ya nyika ya Tsavo, kisha akachanganya na picha alizokuwa amezipiga mwenyewe Afrika. Kivutio chake kilikuwa miwani: ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Marekani yenye rangi na pande tatu, yaani 3D, na watazamaji waliahidiwa simba atakayewarukia mpaka mapajani. Watu wakapanga foleni, na muda si mrefu studio kubwa nazo zikakimbilia miwani.

Mimi filamu hiyo hainitishi. Simba wake amekuja kwa sababu mwandishi amemwita, basi. Hebu sikilizani yaliyoachwa nje. Mapema miaka ya 1890, kabla reli haijafika, sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki ikaangamiza mifugo, na nyati wakafa pamoja nao. Wafugaji wakafa njaa. Nyati ni chakula cha simba, na watafiti wanaitaja sotoka miongoni mwa sababu zilizowageuza wale simba wakawatazama binadamu kama mawindo. Wanataja pia njia ya misafara ya pembe na watumwa, iliyopita pale Tsavo na kuacha maiti porini. Na wanataja jino. Mafuvu ya simba wale yako Field Museum, Chicago, na mmoja wao ana chonge lililovunjika, mzizi wake umeliwa na jipu. Mwaka 2009 watafiti walipima kemia ya mifupa na manyoya yao wakakadiria kuwa walikula watu kama 35, wala si 135 kama alivyokuja kudai Patterson. Aliyekula wengi zaidi ndiye yule wa chonge bovu.

Mwaona? Sasa tuna ugonjwa wa ng'ombe uliosafisha nyika, tuna barabara ya mateso, tuna mnyama mwenye maumivu ambaye hawezi tena kumkaba nyati. Filamu hiyo haihitaji miwani. Yahitaji hema moja, kandili moja, na kibarua aliyevuka bahari kutoka India, amelala akisikiliza pumzi upande wa pili wa turubai. Na huyo kibarua awe ndiye mhusika mkuu. Tangu 1952 anawekwa nyuma ya mzungu mwenye bunduki, naye ndiye aliyeliwa.

Sasa swali la ufundi: mnyama utamwonyesha vipi ilhali huna mnyama? Waliotangulia walijaribu mengi. Mwaka 1959 kule Texas ilitengenezwa The Killer Shrews, filamu ya virukanjia, wale wanyama wadogo wenye pua ndefu, waliokuwa wakubwa na kula watu, na virukanjia wenyewe walikuwa mbwa waliovishwa manyoya. Wakikimbia mbele ya kamera, waona ni mbwa. Lakini wakiwa nje ya nyumba, wanakwaruza ukuta wa udongo na watu wako ndani, filamu ile ile inashika. Hilo ndilo darasa lenyewe. Jaws ya mwaka 1975 haikuwa filamu ya maskini, lakini papa wake wa mashine aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, na mwongozaji wake, Steven Spielberg, akalazimika kupiga picha bila papa: pipa linaloburuzwa juu ya maji, miguu ya waogeleaji, muziki. Kukosa papa ndiko kulikoitia nguvu.

Baada ya hapo wakaja waigaji chungu nzima, na wengi nawapita. Mmoja nasimama naye. Open Water ya mwaka 2003 ilitengenezwa na mtu na mkewe, Chris Kentis na Laura Lau, kwa kamera ndogo za dijitali, wikendi na likizo, baharini kwenye visiwa vya Bahamas. Hawakuwa na papa wa mashine. Waliwaingiza waigizaji wawili majini pamoja na papa wa kweli, wakiwa wamevaa kinga ya minyororo ya chuma chini ya nguo za kupigia mbizi. Msiige hilo, nawaomba. Lakini tazameni kiini cha hadithi, kilichotokana na tukio la mwaka 1998 Australia: mashua ya wapiga mbizi inaondoka kwa sababu aliyehesabu vichwa amekosea hesabu. Watu wawili wanabaki baharini. Kosa la hesabu, na machweo yanakuja. Kila mmoja humu aliyewahi kupanda mashua ya watalii kwenda Kisite au Wasini ajua vile vichwa vinavyohesabiwa. Hofu ya filamu ile ni ya kwetu kabisa, na haina gharama.

Hapo hapo niseme jambo linaloniuma. Papa kwetu ni mchuzi. Ni ng'onda sokoni, ni riziki ya mvuvi. Filamu zimemfanya jini la bahari, hali duniani watu wanaouawa na papa kwa mwaka kwa kawaida hawafiki ishirini, nao watafiti mwaka 2013 walikadiria kuwa binadamu huua papa wapatao milioni 100 kwa mwaka. Peter Benchley, aliyeandika hadithi ya Jaws, alitumia miaka yake ya mwisho kuwatetea. Kwa hivyo ukitaka kumtumia mnyama wa bahari yetu kutisha watu, kumbuka kuwa kesho kuna mtu atamwua kwa sababu ya filamu yako. Vivyo hivyo kwa koboko na kifutu: wanatisha kweli, lakini mwandike kifutu kama alivyo, amelala kimya njiani akitegemea rangi yake imfiche, asiye na haja nawe mpaka umkanyage. Nyoka anayemfukuza mtu mtaa kwa mtaa hayupo.

Nije kwenye maradhi. Mwaka 1968, karibu na mji wa Pittsburgh, George Romero na wenzake walitengeneza Night of the Living Dead, filamu ya wafu wanaoinuka na kula watu, kwa dola kama 114,000, picha nyeusi na nyeupe, nyumba moja ya shamba, damu yenyewe ni sharubati ya chokoleti. Shujaa wao ni mtu mweusi, anayeigizwa na Duane Jones, naye anasalimika na wafu usiku kucha kisha asubuhi anapigwa risasi na walio hai. Msambazaji alibadilisha jina la filamu, akasahau kurudisha tangazo la hakimiliki, na tangu hapo Marekani ni mali ya umma. Itafuteni, ichambueni kipande kwa kipande. Sheria iliyowekwa humo ndiyo inayotawala mpaka leo: ukiumwa, unageuka.

Na hiyo sheria imetoka wapi? Kwangu mimi imetoka kwa mbwa. Ugonjwa unaopita kwa mate, unaoingia kwa meno, unaombadilisha mtu tabia, dunia yote yaujua, ni kichaa cha mbwa. Filamu ya Kihispania ya mwaka 2007, REC, inakiri hivyo waziwazi: jengo moja Barcelona linafungwa na wakuu, wakazi wakiwa ndani, na chanzo cha uchunguzi ni mbwa mgonjwa wa mtoto mmoja wa jengo hilo. Kamera ni moja tu, ya mpiga picha wa televisheni. Nyumba za ghorofa za Tudor au Majengo zina ngazi nyembamba za kutosha kutengeneza filamu kumi kama hiyo.

Lakini filamu nyingi za aina hii zimekosea mahali pamoja, na hapa nataka mnisikilize sana. Humo mtu anaumwa, baada ya muda mfupi macho yanageuka, anaruka. Ugonjwa wa kweli hauna haraka hiyo. Virusi vya kichaa cha mbwa hupanda polepole kupitia mishipa ya fahamu, kutoka kwenye jeraha kwenda kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua miezi miwili mitatu. Pengine wiki, pengine mwaka. Jeraha lapona. Kovu lakauka. Mtoto anarudi kucheza mpira uwanjani. Kisha siku moja anahisi muwasho pale pale alipoumwa, homa inapanda, na akipewa kikombe cha maji koo lake linakakamaa na maji yale yanamtia hofu. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona.

Haya niambieni, kuna mwandishi gani wa filamu aliyewahi kubuni kitu kinachotisha kuliko hicho? Mama anamwangalia mwanawe akinywa maji kila asubuhi. Hayo tu. Piga picha ya kikombe.

Na ukweli huo huo una mlango wa kutokea, ambao hadithi za wafu hazina. Kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha chanjo bila kuchelewa, kunaokoa maisha. Maana yake filamu yako ina saa inayokwenda. Mtoto ameumwa Kisauni jioni. Nani yuko nyumbani? Bomba linatoa maji leo? Bibi ataka kuweka dawa ya majani kwanza, baba yuko kazini Kilindini, na yule mbwa ametoweka vichochoroni, hakuna ajuaye ni wa nani. Chanjo ipo kituo cha kwanza, au wataambiwa wajaribu kwingine? Asilimia 99 ya binadamu wanaopata kichaa cha mbwa duniani wameambukizwa na mbwa, na watoto si wachache miongoni mwa wanaoumwa. Hatuna haja ya mbwa wa kompyuta mwenye macho mekundu. Mbwa halisi mwenye ugonjwa huenda akawa mpole kupita kiasi siku za mwanzo, akamjia mtoto akitaka kupapaswa. Hiyo nayo iweke.

Kuna makosa mengine ya kizembe zaidi. Outbreak ya mwaka 1995, iliyokuwa na pesa nyingi, inaleta homa ya kutisha kutoka Zaire kwa njia ya nyani mdogo, na nyani waliyemtumia ni wa Amerika Kusini. Hakuna aliyejali, kwa kuwa Afrika yao ni mahali ugonjwa unapotoka tu. Sisi tunaoishi na maradhi haya hatuna ruhusa ya kuwa wazembe hivyo.

Wengi mtaniuliza habari za mbu, na nafurahi. Kikulacho ki nguoni mwako. Malaria iliua watu karibu 600,000 duniani mwaka 2023, na hakuna simba wala papa anayekaribia hapo. Lakini mbu wa mjini kwetu anayenishughulisha zaidi ni yule wa madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, mleta homa za denge na chikungunya. Mwishoni mwa 2017 na mwanzo wa 2018 chikungunya iliikumba Mombasa, na mliokuwapo mwakumbuka watu waliotembea wameinama, viungo vimewakaza, hawawezi hata kufunga kifungo cha shati. Mbu huyo hazai kwenye kinamasi cha mbali. Anazaa kwenye pipa lako, dumu lako, tairi uani. Mayai yake yaweza kukaa makavu kwenye ukuta wa pipa kwa miezi, yakingoja maji. Na sisi twaweka maji kwa sababu mabomba hukauka. Nyumba nzima inashukuru lori la maji limekuja, akina mama wanajaza mapipa, nawe mtazamaji peke yako ndiye umeonyeshwa ukuta wa pipa. Halafu sauti. Mlio wa mbu ndio sauti ya bei rahisi kuliko zote, na hakuna sikio la Pwani lisilouogopa. Irekodi usiku, dirisha limefungwa, feni imezimwa.

Nimeona mmoja wenu kaandika mswada wa kunguru. Vizuri. Kunguru hawa si wenyeji, wametoka Bara Hindi, na mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja. Ila ukiwatazama soko la Kongowea alfajiri utaona wanakumbuka sura za watu. Anzia hapo, uache mambo ya mzuka.

La mwisho ni la kazi. Atakayepiga filamu ya mbwa, atumie mbwa anayefahamika, mwenye mwenyewe akiwa pembeni, na kabla ya siku ya kwanza muulize mwenyewe akuonyeshe cheti cha chanjo. Kama hana, mpelekeni mbwa kwa daktari wa mifugo, gharama iingie kwenye bajeti juu kabisa, kabla ya taa na kabla ya chakula. Mtoto atakayeigiza aliyeumwa aambiwe kila kitu mapema mbele ya wazazi wake. Na ile sehemu ya kuosha jeraha ipigeni ndefu, bila kukata, maji yasikike mpaka mwisho.

Ahsanteni. Nipo kwa maswali.